Asubuhi Iliyoanza Mara Mbili

Kutoka mtaa wa Riruta, Nairobi, hadi Dagoretti Corner ni mwendo wa miguu, na huko, kando ya Barabara ya Ngong, ndiko yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Katika uwanja wake hurushwa maputo yaliyofungiwa kifaa kidogo cha redio kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Tangu miaka ya 1990, mara moja kwa wiki, puto hubeba pia kifaa cha kupima ozoni, kazi ambayo Wakenya huifanya pamoja na wataalamu wa hali ya hewa wa Uswisi. Puto hupanda likayaacha mawingu ya Ngong, likakipita kimo cha ndege za abiria, likazidi kuvimba kadiri hewa inavyopungua, na karibu kilomita 30 juu hupasuka. Kifaa huanguka, na siku hiyo anga la Nairobi huhesabiwa kuwa limepimwa.

Lakini anga halijaisha hapo. Kwenye kimo kilicho mara mbili ya hicho, kilomita 60 hivi, ndipo inapoanza ayonosfia, nayo huendelea kwa mamia ya kilomita. Puto halifiki huko. Hewa ya huko ni hafifu kiasi kwamba setilaiti huweza kuzunguka ndani yake kwa miaka, ilhali sisi tunaoishi chini yake tumeitegemea kila tulipowasha redio, na tunaitegemea sasa kila tunapofungua ramani kwenye simu. Naiona kuwa sehemu ya Riruta kama ulivyo udongo mwekundu wa Kabiria. Na siku ninayotaka kuieleza, Ijumaa ya 15 Januari 2010 jua lilipopatwa, sehemu hiyo ya Riruta ilipatwa na jambo kubwa kuliko lile tuliloliona kwa macho.

Tuanze na namna inavyotengenezwa. Jua linapochomoza, miale yake ya urujuanimno na eksirei, ile mikali isiyofika ardhini, huzipiga atomu na molekuli za hewa ya juu na kuzipokonya elektroni. Elektroni hizo zilizobanduka ndizo zinazoifanya hewa ile iitwe ayonosfia. Zinapokuwa nyingi kabisa, mchana, kwenye kimo cha kilomita 300 hivi, hufikia milioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo. Hata hivyo ni chache: kwa kila chembe moja iliyopokonywa elektroni, yapo mamia ya chembe ambazo hazijaguswa. Na elektroni haikai peke yake kwa raha. Mara tu baada ya kubanduliwa huanza kutafuta pa kurudi. Hivyo kila saa ya mchana kazi mbili huendelea pamoja, jua likibandua, hewa ikiunganisha tena. Ni mtungi wenye tundu unaomiminiwa maji. Kina cha maji ndani yake hukueleza ni kiasi gani kinachomiminwa, na hukueleza pia ukubwa wa tundu.

Tundu hilo halilingani mahali pote. Wataalamu hutaja matabaka kwa herufi. D liko chini, kati ya kilomita 60 na 90, ambako hewa bado ni nzito kidogo na elektroni hupata pa kurudi upesi. Jua likiondoka, tabaka hilo hukauka kwa muda mfupi mno. E liko juu yake, hadi kilomita 150 hivi, na lenyewe pia halina subira, kwa kuwa ioni zake ni molekuli, na molekuli hupokea elektroni na kuvunjika papo hapo. Juu zaidi ni F, ambalo mchana hugawika F1 na F2. Katika F2 mambo hubadilika. Ioni zake nyingi ni atomu pekee za oksijeni, na atomu iliyo peke yake haipokei elektroni kwa urahisi. Hulazimika kwanza kukutana na molekuli ya naitrojeni au oksijeni ili chaji yake ihamie kwenye molekuli, ndipo elektroni iweze kuungana na molekuli hiyo yenye chaji. Kule juu molekuli hizo ni adimu. Kwa hiyo F2 hukaa na elektroni zake kwa saa nyingi, na usiku kucha huwa bado halijaishiwa.

Watu wa Riruta waliokuwa na redio kabla ya zama za FM walilijua tabaka la D bila kulijua jina. Mchana wimbi la masafa ya kati hufika kwenye D, likazitikisa elektroni zake, elektroni zikagongana na hewa ya pale, na nguvu ya wimbi ikaishia kuwa joto. Jua likizama D hutoweka, wimbi hupita hadi kwenye tabaka la F na kurudishwa chini mamia ya kilomita kutoka lilikorushwa. Ndiyo maana Radio Tanzania Dar es Salaam iliyokuwa mnong'ono adhuhuri ilikuja kusikika wazi usiku ndani ya nyumba za mabati. Masafa mafupi nayo yalitegemea F mchana na usiku: Idhaa ya Kiswahili ya BBC tangu 1957, Sauti ya Ujerumani tangu 1963, na kituo chake cha kurushia matangazo cha Kigali kilichofanya kazi kuanzia 1965 hadi 2015. Fundi wa redio wa Kawangware aliyeletewa redio mchana aliweza kumwambia mwenyewe, "Hii haijaharibika, shosho. Ngoja giza liingie, utawasikia tu," na alikuwa amesema kweli ya fizikia ambayo wasomi wa Ulaya waliitafuta kwa miongo miwili.

Sasa Ijumaa ile. Kivuli cha mwezi kiligusa dunia jua likichomoza Afrika ya Kati, kikapita Kongo, kikapita Uganda na Kampala, kikaingia Kenya kikifuata mshazari wa kusini-mashariki. Karibu saa mbili unusu asubuhi kilikuwa Nairobi. Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali na dunia, kwa hiyo ulionekana mdogo kuliko jua na haukuweza kulifunika lote. Ilibaki pete ya mwanga, na pete hiyo ilidumu hapa karibu dakika saba. Kisha kivuli kikashika bahari kuelekea Maldivi, na huko baharini pete ilipita dakika kumi na moja, muda ambao kupatwa kwa aina hii hakutaufikia tena katika milenia hii. Zaidi ya asilimia 80 ya uso wa jua ilizibwa juu ya mji wetu, saa ambayo watu wako vituoni wakigombania matatu na watoto wameshaingia madarasani.

Kila mara ninapoisikia siku hiyo ikisimuliwa, inasimuliwa kwa pete na kwa ule mwanga uliopauka ghafla. Ni haki kabisa. Lakini kuna jambo la kijiometri ambalo hunishika kila ninapolifikiria. Jua lilikuwa bado chini, kama nyuzi 25 juu ya upeo wa mashariki, kwa hiyo kivuli hakikushuka wima, kilikuja kimelala. Mtu wa Riruta aliyekuwa akiitazama pete alikuwa akitazama kupitia njia ndefu ya mshazari, na njia hiyo ilikata tabaka la D juu ya Ukambani, kama kilomita 170 kutoka alipo. Ilipofika kimo cha F2 ilikuwa imeshavuka pwani yote na kutoka baharini, karibu kilomita 600 kutoka Nairobi, mashariki mwa Malindi. Giza alilolipata Riruta lilikuwa limechongwa katika anga la watu wengine. Na sehemu ya F2 iliyo wima juu ya kichwa chake ilikuwa imefunikwa mapema zaidi, kabla hata watu wa Kampala hawajaiona pete, wakati hapa Nairobi jua lilionekana limemegwa upande tu. Yaani anga la juu la Riruta lilishapita katikati ya kupatwa kwake na likaanza kurudi, huku watu wa chini wakiwa bado wanasubiri tukio.

Saa yenyewe ndiyo iliyoifanya siku hiyo kuwa ya kipekee. Ayonosfia haianzi siku ikiwa imejaa. Alfajiri D haipo, E ni dhaifu, F2 ina kile kilichobaki baada ya usiku kucha wa kuvuja. Kuanzia macheo elektroni huongezeka kwa kasi, na saa mbili, saa tatu asubuhi ujenzi uko mbioni kabisa. Kivuli cha 2010 kiliingia katikati ya ujenzi huo. Katika D na E mmiminiko ulikatwa huku tundu likiendelea kuvuja, na kwa dakika chache matabaka hayo yakarudi nyuma kuelekea hali ya alfajiri. Kisha jua likafunguka na asubuhi ikaanza tena. F2, kwa uzito wake, haikuweza kurudi haraka hivyo, ilichelewa kupanda. Tangu wakati huo najizuia kusema kwamba siku ile kulikuwa na usiku mfupi. Kulikuwa na asubuhi mbili.

Linganisha na Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Huko pete ilionekana karibu saa sita mchana, jua likiwa juu, zaidi ya asilimia 90 ya uso wake ikiwa imezibwa kwa takriban dakika tatu. Watu walifika kutoka kila pembe ya Tanzania, wanafunzi kwa mabasi, na Rujewa ikawa jina la dunia kwa siku moja. Kivuli kile kilikuta mtungi umejaa. Kwa sababu jua lilikuwa juu, matabaka yote yalifunikwa karibu kwa wakati mmoja, moja juu ya jingine, na anga likashuka kutoka kilele chake badala ya kusitishwa likipanda. Mwezi na jua ni wale wale, dunia ni ile ile, lakini saa na pembe vikibadilika kupatwa kwa Mbarali hakufanani na kwa Riruta. Ndiyo maana kipimo kilichochukuliwa Ulaya au Marekani hakiwezi kutusemea.

Kuna swali ambalo msomaji mwangalifu atauliza: mbona basi elektroni haziishi kabisa, hata pale jua linapozibwa lote, kama ilivyokuwa kaskazini mwa Kenya tarehe 30 Juni 1973? Siku hiyo kivuli kilipita juu ya ziwa lililokuwa bado likiitwa Rudolf, ambalo miaka miwili baadaye liliitwa Turkana. Ni kupatwa kule kule ambako ndege ya Concorde ilikufuatia juu ya Sahara, ikakaa ndani ya kivuli kwa dakika 74. Jibu ni kwamba mwezi hulifunika jua la macho yetu, si jua la ayonosfia. Miale mikali inayobandua elektroni haitoki kwenye uso unaong'aa pekee. Sehemu yake hutoka kwenye taji la jua, ile hewa moto ya digrii zaidi ya milioni inayoenea nje ya ukingo. Mwezi ukifunika uso, taji hubaki limejitokeza pande zote. Ukisimama Loiyangalani, kando ya ziwa hilo, umezungukwa na giza, ayonosfia bado hupata sehemu ya kumi hivi ya riziki yake. Na katika kupatwa kwa pete, ukingo wenyewe hubaki wazi, na ukingo ndio unaong'aa sana kwa miale ile. Macho na anga la juu hayahesabu jua kwa kipimo kimoja.

Ujuzi huu haukupatikana bure, na kupatwa kwa jua ndiko kulikotoa sehemu kubwa yake. Marconi alipodai mwaka 1901 kupokea ishara ng'ambo ya Atlantiki, hakuna aliyeweza kueleza wimbi lilipindaje kuufuata mviringo wa dunia. Mwaka uliofuata Kennelly huko Marekani na Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kivyake, walisema lazima kuwe na tabaka la umeme juu linalolirudisha. Tarehe 17 Aprili 1912 William Eccles alisikiliza redio wakati wa kupatwa kwa jua Ulaya na kuona tabia ya mawimbi ikibadilika na kivuli. Edward Appleton na mwenzake Barnett walilithibitisha tabaka lenyewe mwaka 1924 kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, kazi iliyomletea Appleton Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Bado lilibaki swali la msingi, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: ni nini hasa kinachobandua elektroni? Mwanga wa jua, au vumbi la chembe zinazorushwa na jua? Mwanga huchukua dakika nane kutufikia. Chembe huenda polepole zaidi, kwa hiyo kivuli cha chembe kingepita duniani wakati tofauti na mahali tofauti na kivuli cha mwanga. Tarehe 31 Agosti 1932 mwezi ulipolifunika jua juu ya Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani, vituo vya kupimia vilikuwa tayari. Elektroni za E na F1 zilipungua sambamba na mwanga. Swali likafungwa kwa mchana mmoja. Hakuna maabara duniani ambayo ingeweza kulizima jua na kuliwasha tena kwa ratiba iliyojulikana miaka mingi kabla. Mwezi ulifanya hivyo.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo Kanada haina. Ikweta ya sumaku ya dunia haipiti Nanyuki, ipitapo ikweta ya kijiografia. Inapita kaskazini zaidi, Ethiopia. Mchana, upepo wa hewa ya juu huzisukuma ioni za tabaka la E kuikata sumaku ya dunia, na kutokana na msukumo huo huzaliwa uga wa umeme unaoelekea mashariki. Uga huo, ukikutana na mistari ya sumaku iliyolala mlalo pale juu ya ikweta yake, huinua elektroni kwa mamia ya kilomita. Zikishainuka huteremka kwa kufuata mistari hiyo upande wa kaskazini na wa kusini, na kurundikana kama nyuzi 15 kila upande. Wanaosoma mambo haya huiita chemchemi. Mkono wake wa kusini humwagikia kwetu, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo wingi wa elektroni zilizo juu ya Riruta si kazi ya jua la Riruta peke yake. Nyingine zimeinuliwa Ethiopia.

Fikiria basi kivuli kikiikata chemchemi hiyo. Ijumaa ile ile ya 2010, saa mbili na zaidi baada ya kupita Nairobi, kivuli kile kile kilifika ncha ya kusini ya India. Pale Thumba, jimbo la Kerala, karibu kabisa na ikweta ya sumaku, shirika la anga la India lilikuwa limejipanga: roketi za utafiti zilirushwa siku iliyotangulia na siku yenyewe, zikapanda kupima hewa na elektroni ndani ya kivuli. Katika eneo hilo la India mkondo wa umeme wa ikweta, ambao mchana huelekea mashariki, uligeuka na kuelekea magharibi. Uga ukigeuka, chemchemi hufifia au kusimama. Kivuli cha mwezi, ambacho wengi tungedhani kinafanya kazi moja tu ya kuzuia mwanga, kiliuingilia mtambo mzima wa upepo, sumaku na umeme.

Inaniuma kidogo kwamba habari za kivuli kilichotuanzia sisi nizisome kwa urefu kutoka Kerala. Nasema hivi kwa sababu Afrika Mashariki haikuwa ugenini katika elimu hii. Mbele ya Ngwana, karibu na Malindi, limesimama jukwaa la San Marco la Waitaliano, ambako tarehe 26 Aprili 1967 ilirushwa setilaiti ya San Marco 2 kwenda kupima uzito wa hewa ya juu ya ikweta, na ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliondoka Uhuru, setilaiti ya kwanza kutumwa kwa ajili ya nyota za eksirei tu. Tulikuwa na bahari, tulikuwa na ikweta, tulikuwa na jina. Kilichokosekana ni mazoea ya kuliona anga la juu kuwa letu kama tunavyoiona mvua ya masika kuwa yetu.

Kivuli kina jambo jingine pia. Mwaka 1970 Chimonas na Hines walitabiri kwamba kivuli cha mwezi, kwa kuwa kinakimbia kuliko sauti, kitaacha mawimbi nyuma yake katika hewa. Sababu ni ozoni, ile ile inayopimwa na puto la Dagoretti Corner. Ozoni hunyonya urujuanimno na kuipasha joto hewa ya kilomita 20 hadi 50. Kivuli kikipita hewa hiyo hupoa ghafla, na doa la baridi linalokimbia hivyo husukuma mawimbi kwenda juu hadi ayonosfia. Utabiri huo ulisubiri sana. Tarehe 21 Agosti 2017, kivuli kilipoivuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, vipokezi vya GPS karibu elfu mbili viliyaona mawimbi yale yakijipanga katika elektroni. Afrika Mashariki ina vipokezi vichache vya mtandao huo wa kimataifa: kimoja Kasarani, kwenye kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali, kingine Malindi, kingine Mbarara, na vingine vya kuhesabika. Kwa vichache unaweza kujua elektroni zilipungua kiasi gani. Kuona wimbi kunahitaji wingi.

Anayeuliza haya yana faida gani, na afungue simu yake. Ishara ya GPS inayotoka setilaiti kilomita 20,000 juu hucheleweshwa na elektroni inazopitia, na ucheleweshaji huo hukuhamisha kwenye ramani kwa mita kadhaa, wakati mwingine zaidi. Simu ya kawaida hujisahihisha kwa fomula ya Mmarekani John Klobuchar, inayochukulia kwamba usiku ucheleweshaji haubadiliki, mchana hupanda na kushuka taratibu, na kilele chake ni saa nane. Ni fomula ya siku ya kawaida. Haijui kupatwa kwa jua. Tarehe 15 Januari 2010 kila kifaa cha aina hiyo mjini Nairobi kilikuwa kikikisia asubuhi moja iliyonyooka. Kosa la siku hiyo lilikuwa dogo, kwa kuwa jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka katika kipindi chake cha utulivu mkubwa. Ila ndege, wapima ardhi na mitambo ya umeme inayosawazisha saa zake kwa setilaiti haviwezi kuendelea kutegemea bahati ya jua tulivu.

Waislamu husali swala ya kupatwa kwa jua na kuirefusha hadi mwanga urejee. Ayonosfia ya F2 huenda mbali zaidi ya hapo: jua likishafunguka lote, watu wakishatawanyika kwenda kazini, yenyewe huendelea kwa muda kuonyesha upungufu wa elektroni ambazo zingetengenezwa na hazikutengenezwa.

Fursa ijayo ina tarehe. Jumatatu, 2 Agosti 2027, kivuli kitashuka kutoka Gibraltar kupitia kaskazini mwa Afrika, kipite Luxor, ambako giza litazidi dakika sita, kipite Jidda na Makka, Yemen, na ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Nairobi tutaliona jua likimegwa tu, alasiri. Lakini chemchemi ya ikweta ya sumaku itakuwa karibu na kivuli hicho, na mkono wake wa kusini ni wetu. Wimbi la redio linalotoka pwani ya mashariki ya Oman, karibu na Sur, ambako BBC ina mitambo yake ya A'Seela, na kufika Nairobi kwa mdundo mmoja, hugusa F2 juu ya kaskazini mwa Somalia, karibu kabisa na kitakapopita kivuli. Kituo hicho kikiwa bado hewani, au kingine chochote cha masafa mafupi kutoka upande huo, mwanafunzi wa Riruta mwenye redio ndogo, waya wa mita kumi uliofungwa kwenye mti na simu ya kurekodi sauti anaweza kuipima ayonosfia. Aanze Jumapili, ili apate siku ya kulinganisha, arudie Jumatatu yenyewe, na Jumanne tena. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni arekodi dakika moja katika kila tano, masafa yale yale, waya pale pale, na aandike saa kwa usahihi.